Mkwe Mlangoni

Kamanthe alianza kulala ameketi mwaka ule mvua ya Novemba ilipokikosa kijiji cha Kivaa. Mwanzoni aliegemea gunia la mahindi, kisha akaongeza mto, kisha blanketi lililokunjwa, mpaka kitanda chake kikawa kama kiti. Akijinyoosha tu, kifua kilijaa kama cha mtu anayetumbukizwa kisimani. Aliinuka akitweta, mkono ukutani, akingoja pumzi irudi. Hakumwambia mtu. Mumewe alikuwa amekufa zamani, mabinti walikuwa wameolewa, na waliobaki karibu ni watu wa shemeji yake Ndambuki, ambao mlango wao ulitazamana na wake.

Kivaa walimjua kwa jembe. Katika mwethya, kile kikundi cha wanawake wanaolima leo kwa huyu na kesho kwa yule, yeye ndiye aliyeshika mwanzo wa mstari wakichimba mitaro ya fanya-juu ya kuzuia mmomonyoko, na wimbo ulianzia kinywani mwake. Sasa wimbo ulimkatikia katikati. Alichimba kidogo, akasimama, akajifanya anakaza mpini.

"Kamanthe, huo mpini wako uko na ugonjwa gani?" aliuliza Loise, mwenzake wa tangu usichana. "Kila saa unaugongagonga."

"Umezeeka kama mwenyewe."

"Basi tafuta kijana."

Wanawake wakacheka, naye akacheka nao, kwa sababu kicheko pia kilimpa nafasi ya kupumua.

Kisha ikaja miguu. Jioni akivua akala, vile viatu vya tairi, mikanda iliacha mifereji kwenye nyama. Wengine walisema amekanyaga kitu alichowekewa njiani. Loise alimletea majani ya kuchemsha, akakanda miguu kwa maji moto yenye chumvi, na yale mahindi na maharagwe ya jioni Kamanthe akayatilia chumvi zaidi kwa kuwa mdomo ulikuwa hauna ladha. Miguu ikazidi.

Ndinda, binti yake wa mwisho, alipokuja kumwona wakati wa Pasaka, alimkuta kwenye stuli uani, amefunika miguu kwa leso ilhali jua linawaka. Aliifunua bila kuuliza. Akabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kilipotoka shimo likabaki pale pale, kama lile la kutilia mbegu.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni uzee."

"Uzee hauachi shimo. Vaa nguo twende Machakos."

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mpole aliyejua kusema na wazee. Alimpima mkono, akapima tena, akasikiliza kifua mbele na nyuma. "Susu," alimwambia, kwa neno la Kikamba la bibi, "umekaa na presha miaka mingi bila kujua. Presha haiumi, ndiyo ubaya wake. Moyo umesukuma damu kwa nguvu mpaka umepanuka, na sasa umechoka. Ukichoka, maji yanabaki mwilini. Mchana yanashuka kwa miguu, usiku ukilala yanapanda kwa mapafu."

Kamanthe alielewa vizuri kabisa. Kumbe kile kisima kilikuwa ndani yake mwenyewe.

Alipewa dawa mbili, lakini ile ambayo daktari aliiinua juu ili aione ni kidonge kidogo cheupe. "Hii unameza asubuhi. Itakufanya uende choo sana. Ukienda sana, ujue inafanya kazi. Usiiruke hata siku moja. Na chumvi uiache kabisa. Kivaa usirudi mpaka niseme, nataka nikuone mara kwa mara."

Walipotoka nje Kamanthe alikaa kwenye ukingo wa saruji. "Nimesikia yote," alisema. "Sasa nitalala wapi?"

Ndinda alikuwa ameliogopa swali hilo tangu Kivaa. Yeye na mumewe Maundu walikuwa na chumba kimoja katika ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya soko la Machakos, pamoja na watoto wao wawili. Lakini hata kama Maundu angekuwa na nyumba ya vyumba kumi, Kamanthe asingelala humo. Kuna haya ambayo Wakamba huiita nthoni, iliyo kati ya mwanamke na mume wa binti yake. Hawashikani mkono. Hawali chungu kimoja. Hawaitani kwa jina, na wakikutana njiani mmoja huchepuka mwenzake apite. Vijana wengi wa mjini walikuwa wameiacha, wakakaa na mama wakwe zao kwenye kochi moja wakitazama televisheni. Maundu hakulelewa hivyo. Na Kamanthe ndiye aliyewafundisha wasichana wa kijiji kizima.

Aliyewaokoa ni jirani. Fardowsa, ambaye ploti nzima ilimwita Mama Liban, alikuwa mjane wa Kisomali aliyeuza vitambaa karibu na msikiti. Alikuwa na vyumba viwili karibu na geti, kimoja cha mwanawe Liban, ambaye maisha yake yote yalikuwa kwenye minada ya ng'ombe na hakuonekana.

"Mlete kwangu," Fardowsa alisema. "Kwangu hakuna mkwe. Kuna mende tu, na hao hawana nthoni."

Basi Kamanthe akalala kwa Fardowsa, milango michache kutoka kwa bintiye, na kwa miezi kadhaa mambo yakamwendea vyema. Maundu alikuwa akifanya kazi eneo la viwanda la EPZ kule Athi River, katika kiwanda cha nguo, akipiga pasi suruali za kwenda ng'ambo. Alitoka jua halijachomoza, akarudi jioni. Mchana kutwa ploti ilikuwa ya wanawake. Kamanthe alimeza kidonge chake, na baada ya muda mfupi safari zilianza: kutoka kwa Fardowsa, kupita bomba la maji, kupita mlango wa Ndinda, mpaka choo kilichokuwa mwisho wa ua. Kurudi, kuketi, kuinuka tena.

"Umeenda tena?" Fardowsa alimtania. "Hiyo dawa tungeyanywesha mawingu ya Kivaa."

Miguu ikapungua hadi mifupa ya muundi ikaonekana. Mito ikapunguzwa mmoja mmoja. Kamanthe alimlea yule mjukuu mdogo Ndinda akienda sokoni kuuza nyanya, na mkubwa, Wendy, akiwa shule. Mdogo alibeba jina la nyanyake, na kwa kuwa si heshima kumwita mama mkwe jina lake hata likiwa limevaliwa na mtoto wa miaka miwili, baba yake alimwita Susu, na wote wakamwita hivyo.

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa daraja lao. Jioni Maundu alikaa kwake, Kamanthe akakaa kwa Fardowsa, nyuso zimeelekea pande tofauti, na mtoto akitembea uani katikati yao.

"Susu," Maundu alimwambia mtoto kwa sauti ya kufika mbali, "leo umeshindaje? Umekula?"

"Susu," Kamanthe alijibu, akimtazama mtoto, "waambie wanaouliza kwamba tumekula ugali na sukuma bila chumvi. Hata mbuzi angekataa."

"Susu, pole sana. Na dawa?"

"Susu, dawa tumemeza. Wanaouliza wapumzike, wametoka kazi."

Mtoto alicheka tu, akichapa matope kwa kijiti. Kamanthe hakuwahi kuutazama uso wa Maundu sawasawa, lakini moyoni alijua binti yake ameolewa na mtu.

Kisha kazi zikaongezeka kiwandani, na Maundu akahamishiwa shifti ya usiku.

Sasa alirudi watu wakinywa chai ya asubuhi. Alilala mpaka mabati yalipopata moto, halafu chumba kikawa tanuri, naye akatoa stuli akaiweka mlangoni, pale penye kivuli chembamba cha paa. Njia ya kwenda chooni ilipita mbele ya magoti yake.

Siku ya kwanza Kamanthe alikuwa ameshameza. Alifika kwenye bomba, akakohoa. Maundu akainuka mara moja, akaingia ndani, akafunga mlango. Kamanthe akapita, akarudi. Hata hajakaa vizuri, dawa ikamwita tena. Akakohoa, Maundu akainuka, akaingia. Safari ya tatu alikohoa na hakuna kilichotokea. Mkwe wake alikuwa amelala pale pale alipokaa, kichwa kwenye mwimo wa mlango, mdomo wazi, miguu imenyooshwa kukata njia. Mtu aliyesimama usiku kucha kwenye mvuke wa pasi.

Kamanthe alikohoa tena, polepole. Hakuweza kumwita. Hakuweza kumruka. Angeweza kurudi, lakini hata kurudi kulikuwa kumechelewa. Alisimama katikati ya ua, ameminya leso kwa mikono miwili, na maji yakamshuka miguuni yakaingia kwenye ndara zake.

Aliifua leso mwenyewe, akaianika nyuma ya nyingine. Hakuna aliyemwona. Hilo halikumpunguzia kitu.

Asubuhi iliyofuata alikiweka kidonge kiganjani, akakitazama. Maundu alikuwa amekwisha kurudi. Alisikia ndara zake. Kamanthe akainama kwenye mfereji ambapo Ndinda alikuwa amemwaga maji ya kufulia, akakidondosha. Kikaenda na povu.

Alifikiria ndoo. Lakini chumba alicholala, kile cha Liban asiyekuwepo, ndicho Fardowsa alichotandikia mswala wake, kwa kuwa kilikuwa na utulivu. Mgeni aliyepewa mahali pa Mungu pa mwenzake hawezi kupafanya choo. Akajaribu kumeza jioni, Maundu akishaondoka. Lakini Fardowsa alifunga mlango wa nje kwa komeo la chuma lenye kelele za kuamsha ploti nzima, na baada ya usiku mmoja wa kulifungua na kulifunga, huku mwenye nyumba akikaa kitandani akiuliza kwa upole kama yuko salama, Kamanthe aliacha. Mchana akapunguza maji ya kunywa. Alidhani hilo ni sawasawa na dawa: kama hayaingii, hakutakuwa na haja ya kuyatoa.

Mito ikarudi, mmoja mmoja. Miguu ikarudi.

Kliniki, daktari alikunja uso. "Dawa unameza, Susu?"

"Nameza."

"Kila asubuhi?"

"Nameza, mwanangu."

"Anameza, daktari," Ndinda akasema. "Hata leo maji nimempa mimi."

Daktari akaandika vidonge viwili badala ya kimoja. "Halafu muangalie chumvi," alisema. "Mara nyingi ni chumvi."

Neno hilo Ndinda alilibeba mpaka nyumbani. Mchana wote mama yake hula kwa nani? Alimkuta Fardowsa kwenye bomba, akaanza hata hajatua mkoba.

"Mama Liban, ile supu unampikia mama unatia chumvi?"

"Chumvi? Nampikia kando, na sufuria yake."

"Na nyama ya juzi?"

"Ilichemshwa tu. Hata mimi nilimuonea huruma."

"Kwa sababu miguu haivimbi na hewa."

Fardowsa alifunga bomba. "Mama Wendy, kama huniamini, sema huniamini. Usizunguke na supu."

"Nasema daktari amesema ni chumvi. Na mimi simpi."

Kamanthe alikuwa ndani, hatua chache kutoka kwao, na kila neno lilimfikia. Alifungua mdomo. Angetoka, angesema: mwacheni Mama Liban, ni mimi ninayetupa dawa. Nao wangeuliza kwa nini. Na pale mlangoni, kwenye stuli yake, Maundu alikuwa ameketi akisikiliza. Kamanthe akafunga mdomo.

Tangu siku hiyo Fardowsa hakumpikia tena. Hakumfukuza, hakumnunia, alimsalimu asubuhi na jioni, akamuuliza usingizi, akaenda zake dukani. Ndinda alimwachia mama yake chakula kwenye hotipoti. Kile chumba kikawa kimya. Kamanthe alimwona Fardowsa akikunja mswala bila kumtania neno, na hilo lilimbana kuliko maji yaliyokuwa yakimpanda kifuani.

Siku aliyoamua kumeza, hakuwa amelala hata kidogo usiku uliotangulia. Alikuwa amefika mahali pa kuhesabu pumzi. Ndinda alitoka mapema, amemfunga Susu mgongoni ampitishe kliniki ya watoto kabla ya soko. Fardowsa akaenda dukani. Maundu alikuwa amelala, mlango umefungwa. Kamanthe akasema potelea mbali: leo atapita hata akimkuta njiani. Akameza vidonge viwili vya siku hiyo, kisha akaongeza vingine kufidia alivyotupa, kama mtu anayefidia siku za mwethya alizokosa.

Dawa ilimjia kwa nguvu. Safari ya kwanza alipita, mlango wa mkwe umefungwa. Ya pili pia, na akajisikia kucheka. Ya tatu, akiwa ameshatia ndoano mlango wa choo, giza lilimshuka kutoka juu. Alishika ukuta, ukuta ukamkwepa. Akajikuta chini, shavu kwenye saruji baridi, leso imempanda juu ya magoti.

Mlango wa Maundu ukafunguka. Ndara zikaja, zikasimama.

"Nani huko?"

Kamanthe alijaribu kuishusha leso.

Ndara zikasogea. Huenda aliona kipande cha leso chini ya mlango, kwa sababu sauti ilipokuja tena ilikuwa sauti nyingine. "Mwaitu?"

Mama yangu. Alikuwa hajawahi kumwita. Maneno yao yote yalikuwa yamepitia kwa mtoto, na leo mtoto hakuwepo. Ulimi wa Kamanthe ulikuwa mzima. Angeweza kusema niko hapa, nimeanguka. Lakini mwanamke hamjibu mkwe wake akiwa sakafuni mwa choo, mapaja nje. Alibana midomo.

Alimsikia akigonga kwa Fardowsa. Akigonga mlango wa pili, wa tatu, milango yote ya wanawake waliokuwa kazini. Ndara zikatoka getini mbio, zikakaa huko, zikarudi mbio. Kifua chake kilikuwa kikivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kwenye kisima kirefu, na kamba inateleza. Atapata mwanamke, alijiambia. Mungu, apate mwanamke.

"Mwaitu," Maundu alisema nje ya mlango, naye alikuwa akihema. "Nimekosa mwanamke. Naingia. Nimefunga macho."

Ndoano iling'oka kwa pigo la bega. Alikuwa amenyakua shuka kwenye kamba ya nguo. Alipapasa, akamfunika kuanzia kichwani, na ndipo alipofungua macho akambeba. Alikuwa mzito kwa yale maji. Kamanthe, ndani ya shuka, alijifunika macho kwa kiganja, angalau mmoja wao asiwe amemwona mwenzake.

Barabarani hakukuwa na teksi. Aliyesimama ni Salad, mfanyabiashara wa mifugo, na pikapu yake ilikuwa na mbuzi nyuma. Walimpakia mbele, na Maundu akapanda nyuma na mbuzi.

Hospitali ilimtia hewa ya mtungi. Ndinda alifika magoti yakiwa na vumbi, kwa kuwa alianguka njiani. Mama yake alipoweza kusema, jambo la kwanza alilosema ni hili:

"Sio chumvi."

"Nini, Mama?"

"Mama Liban hana makosa. Dawa nilikuwa natupa."

"Ulikuwa unatupa? Kwa nini?"

Kamanthe alitazama dari. "Bwana yako alikuwa mlangoni."

Ndinda hakuelewa. Kisha akaelewa, zile safari, lile bomba, ile stuli, na kicheko kikamtoka bila kutaka, na kabla hakijaisha alikuwa ameziba mdomo kwa leso akilia. Kutoka hospitali hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la vitambaa, akasimama mbele ya Fardowsa, akamweleza yote, mbele ya wateja.

Daktari hakuwaficha. "Muda huo wote maji yamekaa, moyo umezidi kupanuka. Dawa tutaendelea nayo. Lakini si kama mwanzo."

Ndambuki alikuja kutoka Kivaa akiwa amevaa koti lake la baraza. Yeye hakujali sana maji na mapafu. Kilichomleta ni kwamba mkwe amembeba mama mkwe wake mikononi, na jambo kama hilo haliachwi likalala hivi hivi, hasa kukiwa na mtoto aliyebeba jina lake. Maundu akatoa mbuzi na blanketi, mbuzi akachinjwa Kivaa, na Ndambuki akarudi na neno.

"Nthoni imeisha," alisema, amesimama kati ya vitanda. "Salimianeni."

Maundu alinyoosha mkono. Ulikuwa mgumu, una alama za pasi. Kamanthe aliushika, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi, na kovu dogo kidevuni ambalo hakuwahi kulijua.

Ndambuki alipokwenda kutafuta chai, Maundu alivuta benchi.

"Mwaitu, mimi ningelala kwa Wathome, kulekule Athi River. Tunafanya kazi pamoja, yuko na chumba. Ungesema tu."

"Ningesema nini? Ondoka, nataka kukojoa?"

"Ndiyo."

"Wewe mama mkwe wako angekuwa amekaa mlangoni, ungemwambia hivyo?"

Maundu alifikiri. "Hapana," akasema.

Yule mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, nao wote wawili, kwa mazoea, wakageuza nyuso.

Alipotolewa hospitali Fardowsa alimpokea tena. Mswala alikuwa ameuhamishia chumba kile kingine, na kwenye kona ya hiki, nyuma ya pazia la kitambaa kipya cha dukani, aliweka ndoo yenye kifuniko.

"Mungu hakosi mahali pa kusujudiwa," alisema. "Hii ni yako."

"Mama Liban. Ile chumvi..."

"Chumvi nimemsamehe Ndinda. Ni mtoto, aliogopa."

"Na mimi?"

Fardowsa alinyoosha shuka la kitanda, akalinyoosha tena pale pale. "Wewe ulikuwa ndani, ukasikia, ukaninyamazia."

"Nilikunyamazia."

"Hilo bado liko," Fardowsa alisema. Kisha akaenda kumpikia, kando, na sufuria yake.

Sasa dawa alimpa Maundu mwenyewe, akirudi kazini asubuhi, kabla hajalala. Alimhesabia kiganjani, akamshikia kikombe. Kamanthe alimeza mbele yake kila siku, hakutupa hata kimoja. Lakini dawa iliyokuwa ikimkimbiza uani mpaka Fardowsa akamtania, sasa ilitoa maji kidogo tu, na baadaye kidogo zaidi. Ngozi ya miguu ilijaa mpaka maji yakaanza kutoka yenyewe kama jasho. Tumbo likafura. Kitanda kilimshinda kabisa. Aliketi kwenye kiti mchana na usiku, mikono juu ya meza, kichwa juu ya mikono. Ndinda alipomwosha miguu alifanya hivyo polepole, kama mtu anayeosha mtoto mchanga, akizungumza bei ya nyanya, kwa sababu kingine cha kusema hakikuwepo. Daktari aliongeza, akabadilisha, akasema wamrudishe wakiona inafaa. Hawakujua kufaa kunaanzia wapi.

Asubuhi moja Maundu alimpa vidonge kama kawaida. Ndinda alikuwa sokoni na mtoto. Fardowsa alikuwa amekimbia kufungua duka, arudi mara moja. Maundu aliketi kwenye kizingiti, ameegemea mwimo, macho yanafunga na kufunguka.

"Maundu," Kamanthe alisema. Tangu mbuzi alikuwa akimwita jina lake, na kila mara lilimtoka kwa shida kidogo. "Toka nje."

"Ni ndoo? Nikuitie Mama Liban?"

"Toka tu. Mimi nitajishikilia kwa kiti. Nikimaliza nitakuita."

"Nitasimama hapa mlangoni."

"Usisimame mlangoni. Simama mbali. Usisikie."

Maundu alisita. Kisha akainuka, akavuta mlango, na Kamanthe akasikia ndara zikienda: mpaka bomba, zikasimama, hazikuwa mbali vya kutosha, akakohoa, zikaenda mpaka geti, geti likalia, zikatoka nje kabisa barabarani. Mkwe mtiifu. Alijisogeza kwa mkono kwenye meza, kwa mkono kwenye kiti, akafika. Maji yakatoka kidogo, na kwa hayo kidogo akasikia nafuu.

Alijirudisha kitini, akaishusha leso juu ya magoti, akainyoosha. Ndipo kifua kilipojaa, mara moja, mpaka kooni. Alifungua mdomo amwite. Jina lilitoka dogo, likafika kwenye pazia, pengine mlangoni. Maundu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, pale alipotumwa, ameupa ua mgongo.

Fardowsa, akirudi, alimkuta hapo.

"Mbona umesimama huku kama askari?"

"Mwaitu ameniambia nisisikie. Ataniita."

Fardowsa alimtazama, akaingia getini bila kumjibu. Akakaa ndani kwa muda. Maundu alimwona akitoka na ile ndoo, akaimwaga chooni, akaisuuza kwenye bomba, akaisuuza tena, akaifunika na kuiweka nyuma ya nyumba mahali ambapo haionekani. Akarudi ndani, akamfumba Kamanthe macho, akafunga pazia la kona. Ndipo akaja getini, akamwita aingie.